Ngano Mbili

Lugha yangu ina ngano mbili.
Moja husimuliwa usiku, mtoto akishaanza kupiga miayo.
Ya pili husagwa.
Ya pili ndiyo inayoniumiza,
nami nimekuja kuishi katikati yake,
Rosetown, Saskatchewan, ambako mwezi wa Agosti
ukifungua dirisha la jikoni huoni kitu kingine
hadi pale mbingu inapogusa chini.

Kazi yangu kupima malori.
Lori linapanda mizani, nasoma tani, nagonga muhuri,
barakoa usoni, vumbi la dhahabu mabegani.
"Unaipima na huili?" dereva mmoja aliniuliza.
Nikamwambia, hata karani wa benki
hurudi nyumbani na mshahara wake tu.

Miaka sita nilitembea na tumbo kama ngoma,
nywele zikibaki kwenye kitana,
damu nyepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili.
Wengine walisema ni baridi.
Wifi yangu Mwanapili alisema ni kijicho,
akanitumia ubani kwa posta.
Daktari Friesen alipitisha kamera kooni,
akanionyesha picha: utumbo uliopaswa kuwa na manyoya
kama zulia jipya, umelala chapa,
shamba lililopigwa na mvua ya mawe.
Seliaki, akasema. Ngano basi. Shayiri basi.
Shairi, alhamdulillahi, hakulitaja.

Garini nililia. Sikulilia uhai,
nililia chapati,
ile unayoipiga kwa viganja ingali ya moto
mpaka tabaka zifunguke zenyewe.

Sasa jikoni mwangu kuna mipaka.
Tosta mbili, yangu ina alama ya rangi ya kucha.
Mwiko wangu. Chujio langu.
Siagi yangu imeandikwa jina kama daftari la shule,
na ole wake atakayeichovya kisu chenye makombo.
Dukani nasoma makopo kama mtu asomaye mkataba wa nyumba,
herufi ndogo kwanza.
Nani alijua imejificha kwenye mchuzi wa soya?
Kwenye soseji?

"Kidogo tu," wananibembeleza kwenye karamu.
Kidogo tu, shoga, haiui.
Chembe na chembe mkate huwa, wahenga walisema,
na utumbo wangu umeisikia methali hiyo
kuliko masikio yao.
Kwa hiyo nakuja na bakuli langu,
napakua wa kwanza, kabla vijiko havijachanganyika.
Wanaonidhania mroho, na wanidhanie.

Kisha mama, kwenye simu, siku nililalamika sana:
"Kwani vitumbua vina ngano?"

Nilinyamaza.
Vitumbua. Mkate wa kumimina.
Muhogo wa nazi, ugali, uji wa uwele.
Nusu ya utoto wangu ilikuwa salama
na mimi nilikuwa nimeiacha nyuma
kwa kuiona chakula cha siku za kawaida.

Jumamosi nje ni thelathini chini ya sufuri.
Mchele umelala majini usiku kucha,
iliki, hamira kidogo, tui la kopo.
Kikaango kinalia. Kingo zinakuwa kahawia.
Nasra anakula kimoja, viwili, anaficha cha tatu.
Jirani, Orysia, anabisha na mtungi wa chenga za bakwiti,
umezibwa kwa utepe, una jina langu.
"Nimeuosha mara mbili," anasema
hata kabla hajavua viatu.
Hakuna aliyewahi kuniambia "nakupenda" kwa ufasaha huo.

Damu yangu imerudi kuwa nzito.
Chapati bado naziota, siwezi kusema uongo.

Usiku, nimetoka zamu, Nasra yuko chini ya blanketi:
"Mama, nipe ngano."
Subiri, namwambia.
Kwanza nioshe mikono.